Ukihama kazi, pensheni usiiache nyuma

Mwezi wa Mei, hoteli za Malindi zinapopunguza watu, dawati langu la mishahara hujaa. Mtu ana miaka 40 au 45, amepata kazi Lamu au Watamu, na swali lake la kwanza huwa, "Dada, zile pesa za pensheni natoa lini?" Humwomba akae kwanza. Kazi hii nimeifanya miaka 14, na kwenye skimu yetu, yaani mfuko wetu wa pensheni kazini, mimi ni mdhamini, mmoja wa wanaousimamia kwa niaba ya wanachama, niliyechaguliwa na wafanyakazi wenzangu. Tuanze.

Hatua ya 1: Dai taarifa ya michango kabla hujarudisha kitambulisho cha kazi

Iombe kwa msimamizi wa skimu. Iweke mezani kando ya peslipu zako, ushuke mwezi kwa mwezi kwa kidole. Majuzi alikuja mpishi mmoja, peslipu zake zimo kwenye bahasha ya kaki iliyolowa mafuta. Tulipofika Agosti, peslipu inasema amekatwa 2,750. Kwenye taarifa, Agosti haipo. Septemba pia haipo. Mwajiri alikata, asipeleke. Tuliandika barua siku ile ile kwa wadhamini, nakala kwa RBA, mamlaka inayosimamia mafao ya kustaafu hapa Kenya. Fanya hivi ukiwa bado kazini, mhasibu unamjua na karatasi unazo.

Hatua ya 2: Muulize mwajiri mpya anachangia nini hasa

"Pensheni ipo" si jibu. Anaweka asilimia ngapi yeye mwenyewe? Ya mshahara wa msingi au wa jumla? Na ni juu ya NSSF, ule mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, au NSSF imo humo humo?

Swali hilo la mwisho ndilo linalowapotosha wengi. NSSF ni ya lazima: 6% kwako na 6% kwa mwajiri, hadi kikomo cha mshahara kilichowekwa, tangu sheria ya 2013 ilipoanza kutekelezwa Februari 2023. Michango imegawanywa madaraja mawili: la kwanza ni la sehemu ya chini ya mshahara, na lile la pili, la sehemu inayobaki hadi kikomo, mwajiri anaweza kulipeleka kwenye skimu nyingine iliyoidhinishwa na RBA.

Chukua mfano. Kazi ya kwanza inalipa 60,000, na mwajiri anaweka 10% juu ya NSSF: 6,000 na 3,600, jumla 9,600 kwa mwezi. Kazi ya pili inalipa 64,000, lakini ni NSSF tu: 3,840. Mshahara umepanda kwa 4,000, tena kabla ya kodi. Anachokuwekea mwajiri kimeshuka kwa 5,760. Kwa mwaka hizo ni 69,120. Lakini ikiwa ile 10% inajumuisha daraja la pili la NSSF, basi zaidi ya 3,000 kati ya zile 6,000 ungezipata popote pale. Jibu lidai kwa maandishi.

Hatua ya 3: Jua ni skimu ya aina gani

Skimu ya pensheni hukupa hadi theluthi moja mkononi ukistaafu, na zilizobaki hulipwa kidogo kidogo. Mfuko wa akiba hukupa zote kwa mkupuo. Kwa anayejijua kuwa pesa hazimkai mkononi, mimi humshauri ya kwanza. Uliza pia gharama za uendeshaji kwa mwaka: 2% ya milioni 1 ni 20,000, mwaka baada ya mwaka. Na kama riba inakukwaza, zipo skimu nchini zinazowekeza kwa kufuata sharia, sema mapema.

Hatua ya 4: Amua kuhusu pesa za zamani

Unaweza kuziacha zilipo, kuzihamishia skimu mpya, kuzipeleka kwenye mpango wako binafsi wa pensheni, au kutoa zile zinazoruhusiwa, kwa kuwa sehemu ya mchango wa mwajiri hubaki imefungwa hadi umri wa kustaafu. Kwa kawaida ukitoa mapema unakatwa kodi, ilhali tangu sheria ilipobadilishwa Desemba 2024, mafao yanayolipwa umri huo ukifika hayatozwi kodi.

Mimi nilitoa nikiwa na miaka 33. Zikaenda kwa mabati na karo ndani ya miezi mitatu. Miaka yangu saba ya mwanzo kazini haiko popote leo, na bado inaniuma.

Ushauri wangu ni kuhamisha. Skimu mpya ikiwa ghali au mwajiri hajatulia, fungua mpango binafsi. Pesa hutoka skimu moja hadi nyingine moja kwa moja, bila kupitia akaunti yako. Baada ya kuhama, omba taarifa mpya uone kiasi ni kile kile.

Hatua ya 5: Jaza upya fomu ya wanufaika

Nimewahi kushika fomu yenye jina la mama aliyefariki zamani, mjane na watoto wamekaa mbele yangu wakisubiri. Ijaze siku ya kujiunga, kwa majina kama yalivyo kwenye vitambulisho. Na kama umeacha chochote kwenye skimu ya zamani, ijaze na huko.