Una kolaitisi au Crohn? Shika daftari kabla hujaanza kujikataza vyakula

Mi nina kolaitisi ya vidonda, na kabla haijajulikana nilishatibiwa amiba sijui mara ngapi, nikatibiwa na vidonda vya tumbo, kwa hiyo nyumbani kila mtu alikuwa na chakula chake cha kunikataza. Shangazi maharage, jirani maziwa, mwingine ndimu, na mi nikawatii wote mpaka nikabaki na wali mkavu na chai ya rangi, nguo zinanipwaya na damu kwenye choo iko palepale.

Cha kwanza uelewe: si pilipili wala maharage yaliyokupa huu ugonjwa. Ni kinga ya mwili inayoushambulia utumbo wako mwenyewe, kolaitisi inakaa utumbo mpana, Crohn inaweza kutokea popote kuanzia mdomoni mpaka njia ya haja kubwa. Chakula kinaweza kukuletea gesi na maumivu, lakini tumbo kuuma leo haimaanishi lazima vidonda vimeongezeka, na hapo ndo watu wanapokisingizia chakula kisicho na kosa.

Sasa daftari. La kawaida tu la shule, andika saa, umekula nini na kimepikwaje, choo mara ngapi, damu ipo au hamna, umelalaje. Wiki mbili usibadilishe kitu, andika tu. Langu lilinionyesha maharage yananisumbua siku ambazo nimeyashushia na chai ya maziwa, basi nikatoa maziwa, maharage nikaendelea kuyala, na gesi ikapungua sana. Maziwa yana laktosi, sukari ambayo watu wazima wengi Afrika tumbo haliisagi vizuri hata wasio wagonjwa, mtindi huwa afadhali maana ile sukari imeshapungua kwenye kuchachuka. Toa kitu kimoja, subiri wiki mbili, kirudishe uone. Ukitoa vitano kwa mpigo hutajua mkosaji ni yupi.

Ugonjwa ukiamka, kula kidogo kidogo mara nyingi: uji laini wa mchele, viazi vya kuponda, yai la kuchemsha, samaki wa mchuzi mwepesi, na ukiendesha sana kunywa maji ya ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Protini usiikimbie, mwili unapoteza damu. Mimi huwa napika mtori, ndizi mshare na nyama isiyo na mafuta, nachemsha mpaka nyama inachambuka kwa vidole, natoa mifupa, naponda na mwiko mpaka hamna bonge hata moja, chumvi kidogo basi, nazi inasubiri nikipona.

Ukitulia rudisha mboga jamani, wengi tunabaki kwenye uji miezi na miezi kwa woga afu tunaishiwa damu na nguvu. Anza na mchicha uliokatwa mdogomdogo ukaiva vizuri, boga, karoti, papai, parachichi. Ila kama una Crohn na daktari kakwambia kuna sehemu ya utumbo imebana, muulize kwanza kabla ya mahindi ya kuchoma, bisi, karanga, miwa na embe la nyuzinyuzi, maana vinaweza kukwama, na tumbo likivimba huku unatapika na choo hakitoki, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo.

Zile dawa za kusafisha tumbo achana nazo kabisa, utumbo wenye vidonda unausafisha nini? Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nazo usinunue tu dukani, zinaweza kuuamsha ugonjwa. Na ukiona mlo umekukubali usiache dawa zako, kama unatumia salfasalazini, moja ya dawa za ugonjwa huu, muulize daktari kuhusu foliki asidi, ile vitamini ya kutengeneza damu, kwa sababu dawa hiyo inaufanya mwili uifyonze kidogo.

Kwenye shughuli mi nakula kidogo nyumbani kwanza ili nisifike na njaa, nikifika nachukua wali, kipande cha kuku na ndizi mbivu, kachumbari naipita, na mama mkwe akiuliza namwambia wazi, “Mama, tumbo langu lina vidonda, leo hiki ndo kinanifaa,” siku hizi ananiwekea pembeni mwenyewe kabla hawajatia pilipili.