Piga polishi kwanza, waksi baadae

Wadau, kama rangi ya gari imefubaa usikimbilie waksi, waksi inalinda tu, mikwaruzo midogo inaondolewa na polishi. Na kwa jua letu la Dar fanya asubuhi mapema au kivulini, ukigusa boneti ni ya moto subiri, la sivyo polishi inakaukia pale pale na kuifuta ni kazi.

Osha kwa shampuu ya gari, sabuni ya unga hapana. Pitisha kiganja, ukihisi vichengachenga sugua na klei (udongo maalumu wa kutoa uchafu ulioganda kwenye rangi) huku unamwagia maji ya shampuu, hasa nyie mnaokaa karibu na bahari, Kigamboni huko. Kausha, funika plastiki nyeusi na raba kwa tepu ya karatasi.

Sasa weka matone manne hivi ya polishi kwenye sponji ya mashine ya kupigia polishi, chukua eneo dogo, kama sentimita 50 kwa 50, nenda taratibu kushoto kulia halafu juu chini, mara 3 au 4, futa na kitambaa laini cha maikrofaiba, mulika na tochi uone. Anza na polishi laini jamani, kompaundi kali, yaani ile inayokwangua zaidi, tumia ikishindikana, maana kliakoti, lile tabaka angavu la juu ya rangi, ni nyembamba kuliko unywele na ukishaila hairudi, hapo ni kupiga rangi upya. Kwenye kona za bodi usikandamize kabisa, ndo zinawahi kutoboka.

Ukimaliza, futa mafuta ya polishi kwa spiriti iliyochanganywa na maji, waksi ishike vizuri, ndo upake.