Kuifufua ngalawa kuukuu ya mwembe

Ngalawa nyingi zinazopasuliwa kuni katika mwambao wetu bado zina uhai, kwa maana gogo la mwembe huoza mahali fulani tu, na sehemu iliyobaki ingeweza kutumika kwa miaka mingine mingi. Hasara hiyo hunisikitisha sana, kwa sababu mwembe mnene ulionyooka wa kuchongea ngalawa mpya haupatikani kwa urahisi, ilhali iliyochakaa yaweza kutengenezwa uani kwa tezo, patasi, keekee, nyundo na subira.

Wakati unaofaa ni baada ya mvua za masika, upepo wa kusi unapovuma na vyombo vidogo vingi vikiwa vimepandishwa pwani. Iweke ngalawa chini ya banda la makuti, juu ya magogo mawili, ikiwa imefudikizwa, kwani maji ya mvua huidhuru kuliko maji ya bahari: chumvi huzuia kuvu wanaoozesha mbao, ilhali maji baridi yanayotuama ndani huwalea. Ioshe mara moja kwa maji baridi ili kuondoa chumvi inayovuta unyevu, kisha iache ikauke polepole kivulini kwa majuma kadhaa. Jua kali halifai hata kidogo, kwa sababu ncha za gogo hukauka upesi kuliko tumbo lake, na hapo ndipo nyufa za omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, huanzia. Ncha hizo zipake shahamu ili zisitangulie kukauka.

Ikishakauka, ng'oa viraka vyote vya bati, hata vile vinavyoonekana kuwa imara, kwa kuwa bati hufungia unyevu na mara nyingi mbao iliyo chini yake ndiyo iliyooza zaidi. Kwangua rangi ya zamani bila kuichoma moto, nawe uvae barakoa, kwani huenda ina madini ya risasi. Kisha gonga gogo zima kwa mpini wa nyundo: mbao nzima hutoa sauti kavu na kali, iliyooza hutoa sauti butu, na panaposikika sauti hiyo dunga kwa ncha ya kisu. Kila msumari wa zamani ukaguliwe peke yake. Ukiona umezungukwa na weusi, na kisu kikazama kama kwenye boga lililoiva, kutu imekwisha kuila mbao na msumari huo haushiki kitu. Tafuta pia vitundu vidogo mfano wa kichwa cha pini katika sehemu inayokaa majini. Hayo ni makazi ya kiumbe mwenye umbo la mnyoo, ambaye kwa hakika ni wa jamii ya chaza. Huingia angali mdogo na kunenepa humo ndani, hata nyuma ya kitundu cha pini huweza kuwapo tundu la unene wa kidole.

Palipooza pakatwe mpaka kwenye mbao nzima, bila huruma, kwani ubovu ukibaki kidogo utaenea chini ya kiraka. Kiraka kiwe cha mwembe uliokauka, nyuzi zake zifuate nyuzi za gogo, na upande wake wa nje uwe mpana kuliko wa ndani, ili maji yakisukuma yazidi kukikaza. Toboa kwanza kwa keekee ili mbao isipasuke, kisha tumia misumari iliyopakwa zinki na kuzungushiwa pamba yenye mafuta.

Ufa uzuiwe kwa tundu dogo mwishoni mwake, ndipo utiwe kalafati, yaani kizibo cha pamba iliyochovywa katika mafuta ya nazi. Hapa mkono uwe mwepesi. Mbao ikirudi majini huvimba, na kalafati iliyoshindiliwa mno huupanua ufa uleule uliokusudiwa kuzibwa.

Chini ya ngalawa pitisha mienge ya makuti makavu kwa haraka, ili joto liwaue wadudu pasipo kuunguza mbao, na uwe na ndoo ya maji karibu. Baadaye paka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, katika sehemu inayozama, na sifa, yaani mafuta ya samaki, katika sehemu za juu na za ndani.

Kabla ya kufungua mirengu, yaani miti inayokingama juu ya ngalawa, na ndubi, yaani mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, pima na uweke alama namna ndubi zilivyoinama, maana mwinamo huo ukibadilika ngalawa haitatulia. Zirudishe kwa kamba, wala si kwa misumari, kwa sababu viungo hivyo lazima vicheze kidogo mawimbi yanapopiga.

Siku ya kuishusha, iache ikiwa na maji kidogo ndani, isiondoke ilipofungwa mpaka kesho yake. Itavuja, nawe usishtuke, kwani mbao inanywa maji na kujiziba. Panapoendelea kuvuja baada ya hapo patiwe alama ya mkaa kwa ndani, ngalawa ipandishwe ikauke, na kalafati iongezwe mahali hapo tu.