Kuzuia magonjwa kwenye vizimba vya sato

Mwenye bwawa anaweza kufunga maji yake. Sisi wa vizimba vya Ziwa Victoria hatuwezi: maji yaliyopita kwa jirani yanafika kwetu. Virusi vya TiLV, vinavyoua sato, viliripotiwa kwenye ziwa hili mwaka 2018, kwa samaki wa kufugwa na wa ziwani pia, na dawa ya kuvitibu hakuna. Nguvu zetu tuziweke pale tunapoweza kuziba.

Hatua ya 1: Vifaranga. Hapa usibane matumizi. Kabla ya kulipa, nenda mwenyewe kwenye kituo cha kuzalishia. Uliza samaki wazazi walitoka wapi, omba kuona daftari la vifo. Asiyekuruhusu kusogelea matangi yake, muache, hata bei yake iwe nzuri namna gani.

Wakifika, acha mifuko ielee juu ya maji ikiwa imefungwa hadi joto lilingane, kisha wachote kwa wavu. Maji ya mifuko yamwage nchi kavu. Waweke kwenye kizimba cha peke yao, mbali na vingine, kwa wiki tatu. TiLV huua zaidi vifaranga katika wiki za mwanzo baada ya kuhamishwa, kwa hiyo muda huo usiukate kwa sababu tu wanachangamkia chakula. Na vifaranga wa vituo viwili usiwachanganye. Vifo vikianza hutajua chanzo.

Hatua ya 2: Vifaa. Kila kizimba kiwe na wavu wake wa kuchotea na ndoo yake. Sugua tope na utelezi kwanza, maana uchafu huimaliza nguvu klorini. Kwa Jik (dawa ya klorini) ya asilimia 3.5, weka mililita 60 kwenye lita 10 za maji, loweka nusu saa, suuza, anika juani mpaka vikauke kabisa. Fanya yote haya nchi kavu. Wavu wa jirani usiuazime.

Hatua ya 3: Mpangilio wa kazi. Anza na vifaranga, nenda kwa wakubwa, malizia na wanaoumwa. Mnandi, ndege wala samaki, wazuie kwa wavu wa juu.

Hatua ya 4: Waliokufa. Watoe kila asubuhi, wahesabu, andika. Wafukie mbali na ziwa na uwanyunyizie chokaa. Kuwatupa majini ni kumpelekea mwenzako ugonjwa.

Hatua ya 5: Vifo vikipanda ghafla. Ukiona macho yenye ukungu, vidonda, samaki wanaozubaa juu ya maji, simamisha kuhamisha na kuuza samaki hai, mpigie afisa uvuvi siku hiyo hiyo. Usikimbilie antibayotiki, haziui virusi. Mwandalie sampuli ya samaki wanaokaribia kufa, kwenye mfuko safi juu ya barafu. Aliyekufa tangu jana ameshaoza ndani, maabara haitapata mengi kwake.