Somo: Kusaka PhD yenye ufadhili katika sayansi na uhandisi

Wengi huanza kwa kuchagua chuo. Anza na pesa: nani analipa, na analipia nini?

Hatua ya 1: Jua unabisha mlango upi. Ujerumani, Uholanzi na Sweden, PhD nyingi ni ajira: profesa ana fedha za mradi, anatangaza nafasi, unalipwa mshahara. Marekani unaomba idara. Wakikuchukua, kwa kawaida wanalipa ada na kukupa posho ili ufundishe au usaidie utafiti. Huko mara nyingi hata shahada ya uzamili si lazima. Mlango mwingine ni ufadhili unaouomba mwenyewe kwa shirika na kwenda nao chuoni, kama wa DAAD ya Ujerumani, au OWSD kwa wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea.

Hatua ya 2: Masharti kwanza. Nafasi za PhD za Marie Skłodowska-Curie, mpango wa ufadhili wa Umoja wa Ulaya, zinazotangazwa kwenye EURAXESS, tovuti ya Ulaya ya kazi za utafiti, hazimtaki mtu aliyeishi au kufanya kazi nchi husika kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Aliyekwisha kukaa Ufaransa miaka miwili anaomba nafasi ya Ufaransa, halafu analalamika kuwa kuna upendeleo!

Hatua ya 3: Barua pepe kwa profesa. Hapa ndipo wengi huanguka. "Navutiwa sana na utafiti wako" inaweza kutumwa kwa profesa yeyote, naye analijua hilo. Soma makala yake moja, uisome kweli, kisha andika hivi: "Mlipima kutu ya aloi hii katika joto moja tu. Kwenye uzamili wangu niliipima katika viwango vinne, na juu ya nyuzi 60 matokeo yalibadilika. Je, una nafasi yenye fedha mwakani?" Ambatisha wasifu na matokeo ya mitihani. Sentensi kumi zinatosha. Swali la fedha usilionee haya. Yeye mwenyewe analifikiria kabla yako.

Hatua ya 4: Wadhamini, yaani walimu watakaokuandikia barua za mapendekezo. Waombe barua mapema, uwape na tangazo lenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, profesa hajajibu. Nifanyeje?*
Kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha hamia kwa mwingine. Usitume barua moja kwa maprofesa watano wa idara moja. Wanakula pamoja hao.

*GPA yangu ni ya kawaida tu. Nina nafasi?*
Kwenye ajira za mradi, ndiyo, kama unajua kutumia kifaa au programu wanayoihitaji. Kwenye ufadhili unaoshindaniwa kwa alama, ni vigumu, sikufichi.

*Mimi nimeshamaliza PhD, dada yangu. Kwangu kuna nini?*
Marie Skłodowska-Curie wana mkondo wa waliohitimu, ndani ya miaka 8 tangu upate udaktari. Anza kwa kumpata mwenyeji, yaani mtafiti wa chuo kitakachokupokea, kwani andiko mnaliwasilisha pamoja.

*Nimeambiwa nitume pesa ili ufadhili "uthibitishwe".*
Tapeli huyo. Vyuo vya Marekani hutoza ada ya maombi, na vingi husamehe ukiomba, lakini hiyo hulipwa kwenye tovuti ya chuo chenyewe, tena kabla hujachaguliwa.