Somo: Pia ya goti ya mbwa inapohama, usisubiri alie

Wakuu, wengi humpeleka mbwa kwa daktari siku anapogoma kukanyaga. Kwa tatizo hili mara nyingi hapo umeshachelewa, maana gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) iliyolika hairudi.

Pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, huteleza kwenye mfereji ulio mwishoni mwa mfupa wa paja. Kwa mbwa wadogo kama Chihuahua na Pomeranian, mfereji huo mara nyingi hauna kina cha kutosha, na pia ya goti huhamia upande wa ndani. Kila inapovuka ukingo hukwangua gegedu, yake na ya mfupa. Gegedu haina mishipa ya damu, hivyo hupona kwa shida. Miaka ikienda, vijifupa huota pembezoni na goti hukakamaa.

Hatua ya 1: Mtazame akikimbia. Ghafla anakunja mguu wa nyuma, anaruka hatua mbili tatu kwa miguu mitatu, anaunyoosha nyuma, kisha anaendelea na mbio zake. Mrekodi kwa simu, kwani mbele ya daktari atatembea kama hana lolote.

Hatua ya 2: Daktari apapase magoti yote mawili. Tatizo hupangwa kwa madaraja manne. Daraja la 1, pia ya goti hutoka ikisukumwa na kurudi yenyewe. La 4, hairudishiki hata kwa mkono. Eksirei huonyesha kiungo kimeharibika kiasi gani.

Hatua ya 3: Mpunguze uzito kama amenenepa. Hakuna dawa ya maungio itakayofidia kitambi.

Hatua ya 4: Upasuaji. Daraja la 3 na la 4, au la 2 anayechechemea, huchimbiwa mfereji, na mara nyingi pale kano ya pia ya goti inaposhika kwenye goko (mfupa wa chini ya goti) huhamishwa. Yabisi (kuharibika na kukakamaa kwa kiungo) iliyokwisha kuanza haifutiki.

MASWALI

Mkuu, nimpe ibuprofen?
Hapana kabisa. Huweza kutoboa tumbo na kuua figo. Dawa ya maumivu aandike daktari wa mifugo.

Wangu ni daraja la 2, jana ameacha ghafla kukanyaga.
Mwahishe. Goti la namna hii huelemea kano ya msalaba (kano ya ndani ya goti inayoshikilia mfupa wa paja na goko), na huenda imekatika.

Naweza kumzalisha?
Usimzalishe. Huu ugonjwa hurithiwa.