Nyonga Iliyokosa Damu: Namna ya Kuitambua Mapema na Kuitunza

Maumivu ya mifupa si jambo geni katika nyumba yenye mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita siko seli, na hapo ndipo hatari inapojificha. Familia iliyozoea kumpa mgonjwa maji mengi, panadoli na blanketi kila mifupa inapomuuma inaweza kukaa miezi sita ikidhani kwamba maumivu ya kinena ni yale yale ya siku zote, kumbe kichwa cha fupa la paja kimekosa damu na kimeanza kufa. Nyumba za namna hiyo si chache nchini Uganda: uchunguzi wa kitaifa wa damu za watoto wadogo uliofanywa mwaka 2014 na 2015 ulionyesha kwamba asilimia 13.3 walikuwa wamebeba chembe ya urithi ya selimundu, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe.

Kichwa cha fupa la paja kina umbo la mpira na hukaa ndani ya kikombe cha nyonga. Damu yake nyingi hupandia katika mishipa myembamba inayoambaa na shingo ya mfupa, na mishipa hiyo ikizibwa na seli nyekundu za damu zilizojikunja kama mundu, hakuna njia nyingine ya kutosha ya kuifikisha. Seli za mfupa huanza kufa katika muda wa saa chache hadi siku mbili. Hata hivyo mfupa uliokufa hauporomoki siku hiyo, kwa kuwa umbo lake hubaki zima kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, mpaka mwili unapoanza kuondoa sehemu iliyokufa na kuuacha mfupa ukiwa dhaifu chini ya gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha ya mfupa kwenye kiungo. Hapo ndipo hupasuka, hubonyea, na nyonga huanza kusagika. Kipindi kilichopo kati ya kufa na kubonyea ndicho ambacho mgonjwa na daktari wanaweza kukitumia vizuri, na maelekezo mengi yanayofuata yanakihusu.

Selimundu si chanzo pekee. Wanaotumia dawa za steroidi, kama prednisoloni au deksamethasoni, kwa muda mrefu, wakiwamo wanaonunua vidonge hivyo dukani bila karatasi ya daktari ili wanenepe, wamo hatarini, na vilevile wanaokunywa waragi au pombe kali nyingine kwa wingi kila siku. Aliyeandikiwa dawa hizo na daktari asiziache ghafla kwa hofu, kwa sababu kuziacha ghafla kunaweza kumwangusha vibaya; arudi kwa daktari wake azungumze naye. Ajali nazo zina nafasi yake. Mtu aliyeanguka kwenye bodaboda na mguu wake ukaonekana mfupi, uliogeukia ndani au nje, huenda nyonga imeteguka au shingo ya mfupa imevunjika, na mishipa ile imebanwa au imekatika. Nyonga iliyoteguka inapaswa kurudishwa hospitalini, na ikiwezekana ndani ya saa sita. Kumpeleka kwanza kwa fundi wa kuunga mifupa avute mguu ni kupoteza saa ambazo hazirudi.

Dalili ya kwanza kwa kawaida ni maumivu ya kinena yanayoongezeka mgonjwa anaposimama au kutembea, na baadaye humsumbua hata usiku akiwa amelala. Wapo wanaoyasikia kwenye goti tu, wakapakwa dawa ya goti wiki nyingi bila nafuu. Nyumbani unaweza kufanya jaribio moja dogo. Mlaze mgonjwa chali, mwinulie paja mpaka lisimame wima huku goti likiwa limepinda, kisha ushike kifundo cha mguu na ukisogeze polepole kuelekea nje ya mwili. Mwendo huo huzungusha paja kwa ndani. Ikiwa unaleta maumivu ya kinena, au upande huo hauendi mbali kama ule mwingine, usisubiri maumivu yapoe. Panga safari ya hospitali wiki hiyo hiyo. Usilazimishe mguu. Lakini mgonjwa akiwa na homa na hawezi kabisa kuukanyagia, mpeleke siku hiyo hiyo, maana usaha katika mfupa au ndani ya kiungo huwapata wagonjwa wa selimundu pia, na dawa zake haziwezi kungoja. Mtoto wa miaka minne hadi minane anayechechemea asidhaniwe kwamba anadeka hata kama hana selimundu, kwa kuwa kuna ugonjwa wa utotoni unaokinyima damu kichwa hicho hicho cha mfupa.

Kituo cha afya cha ngazi ya tatu mara nyingi hakina mashine ya eksirei, kwa hiyo omba barua ya kwenda hospitali ya rufaa, kama vile ya Lira, Gulu au Jinja, au Mulago kwa walio karibu na Kampala. Katika daftari la matibabu andika mapema tarehe maumivu yalipoanza, dawa zote zilizotumika na vipindi vya maumivu makali vilivyopita, kwa kuwa daktari mwenye foleni ndefu husoma haraka zaidi kuliko anavyouliza. Omba picha ya nyonga zote mbili, hata kama inauma moja, kwa sababu ugonjwa huu hupenda pande mbili. Na omba picha ya ziada mgonjwa akiwa amepanua mapaja kama chura, ambayo huonyesha mstari wa ufa ulio kama mwezi mwandamo usioonekana vizuri katika picha ya mbele. Jambo linalowapoteza wengi ni kuambiwa kwamba eksirei ni safi. Katika miezi ya mwanzo eksirei inaweza kuwa safi kabisa ilhali mfupa umekwisha kufa, na picha ya MRI, ile inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ndiyo inayoweza kuonyesha. Gharama yake ni kubwa, nalijua hilo. Asiyeimudu amwombe daktari kurudia eksirei baada ya wiki kadhaa, na katika muda huo atumie fimbo kana kwamba ugonjwa umethibitishwa.

Fimbo hiyo inastahili maelezo, kwa sababu karibu kila mtu huishika mkono usiofaa. Mtu anaposimama kwa mguu mmoja, nyonga hubeba mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, kwa kuwa misuli ya pembeni huvuta ili kiuno kisiiname. Fimbo ikishikwa kwa mkono ulio kinyume na nyonga inayouma, huisaidia misuli hiyo na kupunguza mzigo sana. Ikishikwa upande uleule, msaada wake ni mdogo. Wakati wa kupanda ngazi tangulia na mguu mzima, na wakati wa kushuka tangulia na unaouma. Anayetumia magongo mawili aache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa na aegemee kwa viganja, maana kuegemea kwa kwapa hubana neva na kuutia mkono ganzi.

Kazi za nyumbani zigawanywe upya. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20 juu ya nyonga ile ile, na kulima kwa jembe ukiwa umeinama ni kuibana kwa saa nzima. Misuli isiachwe ikalegea: fiziotherapia, kuogelea kwa mwenye nafasi, au kuinua mguu ukiwa umelala chali huilinda bila kuutwisha mfupa uzito wa mwili. Kwa maumivu, anza na parasetamoli. Ibuprofeni na jamaa zake waulizwe kwa daktari kwanza, kwa kuwa figo za mgonjwa wa selimundu huchoka mapema. Haidroksiyurea, dawa ya selimundu, iendelee kama ilivyoandikwa, kwani hupunguza vipindi vya maumivu, ingawa haifufui mfupa uliokufa. Kukandwa kwa nguvu hakuurudishii mfupa damu, wala mitishamba.

Kabla mfupa haujabonyea, daktari wa mifupa anaweza kutoboa tundu ndani yake ili kupunguza shinikizo. Ukishabonyea, tiba inayorejesha mwendo ni kubadilisha nyonga kwa ya bandia, upasuaji unaofanywa hapa nchini, ikiwamo katika hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi. Mwenye selimundu huandaliwa kwa uangalifu zaidi: huongezewa damu mpaka hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikaribie gramu 10 kwa desilita, hupewa maji ya kutosha, na hulindwa dhidi ya baridi. Kwa wiki nyingi baadaye hataruhusiwa kuchuchumaa wala kukaa kwenye kigoda kifupi, maana nyonga mpya inaweza kuteguka. Kwa hiyo fundi wa kutengeneza kiti kirefu cha kuweka juu ya choo cha shimo aitwe kabla mgonjwa hajaondoka kwenda hospitali.